Namna ya Kuandika Historia ya Klabu ya Zamani: Anza na Ardhi, Wanachama Baadaye

Mwenyekiti wa klabu akikuita akakuambia kamati inataka historia iandikwe kwa ajili ya sherehe, usiitikie kabla hujamuuliza mambo mawili: nani atalipia uchapaji, na nani ana mamlaka ya kufuta. La kwanza watalijibu haraka. La pili watacheka, watasema, "Aa, hilo tutaelewana tu." Msielewane tu. Andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: kamati itasoma rasimu, itasahihisha majina na tarehe, lakini haitaondoa jambo lenye ushahidi kwa sababu halipendezi. Watie sahihi, nakala moja ikae kwako.

Nayasema haya kwa kuwa nimezeekea masijala. Kazi yangu yote ilikuwa mafaili, nikianzia Lindi hadi nikastaafia Mtwara, na sasa nakaa Mikindani, ambako vijana hunifuata barazani na maswali yao. Huyu anataka kuandika historia ya timu, yule ya shule, mwingine ya msikiti wa babu zake. Hivi karibuni ilikuwa zamu ya klabu: jengo la kikoloni lenye baa, uwanja wa tenisi ulioota magugu, na eneo kubwa nyuma yake ambalo wazee walisema palikuwa pakichezwa gofu. Jina lake silitaji, maana kitabu kingali mikononi mwa kamati. Ila njia niliyoifuata inafaa kwa klabu yoyote ya namna hiyo, na ndiyo ninayoieleza hapa.

Palikuwa pa nani?

Wengi huanza na orodha ya wenyeviti. Ni rahisi, kwani majina yameshaandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye mbao zilizotundikwa ukumbini, pamoja na mabingwa wa kila mwaka. Ukianza hapo utaandika kitabu cha watu waliokuja jioni kunywa. Kitakuwa kitabu kifupi.

Mimi naanza na swali la ardhi. Mashimo 9 tu ya gofu yanaweza kumeza ekari 50 au zaidi. Kusini hakukuwa na ekari 50 karibu na mji zilizokuwa zikimsubiri Mzungu zikiwa tupu. Palikuwa na mikorosho, minazi, mihogo, njia ya kwendea kisimani, na makaburi. Kwa hiyo nenda idara ya ardhi ya halmashauri yako ukiwa na barua ya klabu, uombe kuona namba ya kiwanja, ramani ya upimaji na kumbukumbu za hati. Barua iwe na muhuri. Bila muhuri utazungushwa, na mimi nimekaa upande wa pili wa dirisha hilo, najua.

Ukipata hati, soma tarehe zake kwa tahadhari. Sheria ya ardhi ya Waingereza ya 1923 iliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya gavana, na waliopewa walipewa haki ya kukaa kwa miaka maalumu: 33, 66 au 99. Lakini yapo maeneo yaliyomilikiwa moja kwa moja tangu enzi za Mjerumani, na hayo yaligeuzwa kuwa ya kupangishwa na serikali kwa sheria ya 1963. Basi ukikuta hati ya klabu imeandikwa 1963 au muda mfupi baadaye, usikimbilie kusema klabu ilizaliwa mwaka huo. Huenda ni karatasi tu iliyobadilishwa. Tafuta karatasi iliyotangulia.

Kisha toka ofisini ukatembee. Chukua mzee wa mtaa, mzunguke mipaka yote kwa miguu, asubuhi kabla jua halijawa kali. Tazama miembe. Miembe mikubwa iliyosimama kwa mstari haikujipanda, na kwa kawaida inakuonyesha palipokuwa na boma la mtu au njia. Uliza makaburi yako wapi na kama kuna familia inayokuja kuyazuru. Uliza kama mtu alilipwa fidia, alilipwa nini, na nani aliyepokea. Majibu haya yaandike hata kama hayana tarehe. Kwenye klabu niliyoandika mimi, sura ya kwanza nzima imetoka katika matembezi hayo, na ndiyo sura ambayo kamati iliisoma kimya kuliko zote.

Ujue kwa nini walikuja

Hapa kusini klabu za Wazungu haziwezi kueleweka bila mkonge na karanga. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, na kandokando yake kulikuwa na mashamba ya mkonge kama Kikwetu na Mkwaya. Klabu ya miaka ya kati ya vita viwili ni ya mabwana shamba, Bwana DC na wenzake wa boma, daktari, na wageni wachache wa meli. Wanajuana wote. Mihutasari yao ya vikao ni mifupi, na magomvi yao ni ya muda mrefu.

Halafu zikaja karanga. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuangalia uwezekano wa kulima karanga kwa matrekta ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Kazi ilianza 1947, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa shirika la umma lililoitwa Overseas Food Corporation. Sehemu zilizochaguliwa zilikuwa tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ya Nachingwea ndiyo iliyotuletea reli, kwanza kutoka Mkwaya kwenye hori la Lindi, na ndiyo iliyoifanya Mtwara ichaguliwe kuwa bandari ya kina kirefu. Januari 1951 mpango ulifutwa, hasara ikahesabiwa kuwa karibu pauni milioni 36. Kichekesho ni kwamba gati la Mtwara lilifunguliwa 1954, karanga zikiwa zimeshazikwa. Reli nayo haikudumu; mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa.

Kwa mwandishi wa historia ya klabu, miaka hiyo inabadilisha kila kitu. Ghafla wanachama si mabwana shamba wa miaka mingi tena. Ni mafundi, wahandisi, wahasibu, vijana waliotoka jeshini, wengine na wake na watoto, wenye mkataba na wasio na mpango wa kuzeekea hapa. Ukiona daftari la wanachama limevimba kati ya 1948 na 1951 kisha likasinyaa, usiandike kwamba "hamasa ilipungua". Sema walikuwa wafanyakazi wa karanga na walirudi kwao.

Karatasi isiyo na tarehe

Hili nalieleza haraka maana ni la kimasijala, ila litakuokoa. Barua nyingi za klabu hazina mwaka, zina "Jumanne" au tarehe na mwezi tu. Tazama kichwa cha karatasi. Kikiwa na jina la serikali ya Kijerumani, kwa Lindi ni kabla ya Septemba 1916, Waingereza walipoingia. Kikisema Jamhuri ya Tanganyika, basi ni baada ya Desemba 9, 1962. Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ni kati ya Aprili 26 na Oktoba mwishoni, 1964, miezi michache tu, na baada ya hapo ni Tanzania. Kama ofisi ya Lindi inajiita ya Mkoa wa Lindi, ni 1971 au baadaye, kwani kabla ya hapo Lindi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mtwara.

Fedha nazo zinasema. Rupia yenye heller ni ya Mjerumani. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, na ishirini zilifanya pauni moja, kwa hiyo usishangae kuona ada imeandikwa kwa pauni na bia kwa shilingi katika ukurasa mmoja. Shilingi yetu wenyewe ni ya 1966. Usijaribu kugeuza ada ya 1950 kuwa fedha za leo. Wasomaji watabishana na hesabu yako wasahau habari. Linganisha ada na mshahara wa mpishi wa klabu ileile, mwaka uleule, kwenye daftari lilelile. Tofauti itajieleza.

Wazee

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu.

Kijana huja na simu, anamwekea mzee mezani, anabonyeza, anauliza: "Mzee, tueleze historia ya klabu." Mzee anakohoa, anakaa wima, anaanza kuhutubia kama yuko kwenye kampeni. Atakueleza uhuru, atakueleza Mwalimu Nyerere, atakueleza umoja. Yote ni kweli na hakuna hata moja lililotokea pale klabuni.

Fanya hivi. Siku ya kwanza nenda bila simu. Shikamoo, marahaba, kaa, kunywa kinachotolewa. Kama ni msimu wa mabibo na umekaribishwa uraka, pombe ya mabibo, ni hiari yako, mimi huomba maji. Peleka sukari au sabuni, kitu cha nyumbani, usipeleke bahasha. Bahasha siku ya kwanza hununua maneno, na maneno ya kununuliwa huwa mazuri mno. Eleza unachotaka, omba siku nyingine ya kurudi, uulize kama utaruhusiwa kurekodi. Ukirudi, uliza kazi. Usiulize maoni. "Uliingia saa ngapi? Ulipitia mlango gani? Ulivaa nini? Nani alikuwa anakutuma? Ulikula wapi? Mshahara ulipewa na nani, mkononi au mezani?" Mtu asiyekumbuka mwaka wowote anakumbuka mlango alioupitia.

Mfano wangu mkubwa ni gofu lenyewe. Wanachama wa sasa walisema hapakuwahi kuwa na gofu, ule ulikuwa uwanja wa ndege ndogo. Wengine walisema palikuwa na mashimo 18 kama Uingereza. Karatasi zilinyamaza, kwani madaftari ya michezo yaliliwa na mchwa. Nikapelekwa kwa mzee mmoja wa Kimakonde aliyefanya kazi pale akiwa mtoto.

"Mzee, kazi yako ilikuwa nini?"

"Kuburuta gunia."

"Gunia la nini?"

"La kufuta nyayo, mwanangu. Wakishacheza, mchanga umechafuka. Mimi naburuta gunia, unakuwa laini kama kitanda kilichotandikwa. Wanakuja wengine."

Mchanga? Nilijua gofu ni majani. Akanieleza kwamba pale kwenye shimo, mahali mpira unaposukumwa taratibu kuingia, hapakuwa na majani. Palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe. Harufu yake alikuwa anarudi nayo nyumbani, mama yake akimfukuza akaoge kwanza.

Nilipokwenda kusoma nikakuta kwamba jambo hilo si la klabu yetu peke yake. Viwanja vingi vya Afrika Mashariki na kwingineko kwenye joto na maji haba vilikuwa hivyo, na Waingereza waliita sehemu hizo kwa rangi yake ya kahawia badala ya kijani. Majani mafupi ya kuchezea yanataka maji kila siku, na kusini kiangazi ni kirefu. Mchanga na oili haviombi mvua.

Sasa angalia faida yake. Katika daftari la matumizi nilikuwa nimeshaona mara kwa mara maneno ya Kiingereza yenye maana ya pipa la oili chafu. Kamati ilidhani ni ya kupaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, na kwa kweli watu hutumia hivyo hadi leo. Nikarudi kuangalia mpangilio wa manunuzi. Nguzo hupakwa mara moja moja. Mapipa haya yalinunuliwa kwa mfululizo wakati wa kiangazi, na yaliongezeka kabla ya wikiendi ambazo daftari la baa lilionyesha wageni wengi na vinywaji vingi. Hayo ni mashindano. Mzee akaifanya karatasi isomeke, na karatasi ikamfanya mzee aaminike mbele ya wale waliosema palikuwa uwanja wa ndege.

Idadi ya mashimo nayo aliitatua kwa kutembea. Tulizunguka naye, polepole, akaonyesha kwa bakora alipokuwa akiburuta gunia, na kila sehemu tuliiweka kwenye ramani ya simu. Zikafika 9. Wale wa 18 hawakuwa waongo kabisa: mashimo 18 ndiyo mchezo kamili, kwa kufuata kiwanja cha St Andrews kule Scotland kilichopanga hivyo mwaka 1764, na klabu ndogo yenye 9 huyazunguka mara mbili. Mtu aliyesimama langoni akihesabu angesema 18.

Miaka usimuulize mzee moja kwa moja. Tumia kalenda ya huku. Alikuwa ameshatoka jando? Ilikuwa kabla ya kimbunga kikubwa cha Aprili 1952 kilichopiga Lindi na Mtwara, au baada? Reli ilikuwa bado inapita? Wapiganaji wa FRELIMO, wa ukombozi wa Msumbiji, walikuwa wameshafika Nachingwea? Watu walikuwa wameshahamishiwa vijijini? Kwa maswali manne matano kama hayo utamfikisha karibu na mwaka, na utaandika "karibu na 1955" bila aibu. Hiyo ni bora kuliko 1955 kavu ambayo huwezi kuitetea.

Kuhusu makedi, yaani vijana waliobeba mikoba ya fimbo, fanya kazi ya ziada. Kwenye madaftari huwakuti kwa majina. Wameandikwa kwa namba, na klabu nyingi ziliwapa vibati vyenye namba hizo wavae. Kazi yako ni kugeuza namba kuwa majina. Mzee wangu alimkumbuka wa 4, wa 7 na wa 11, mmoja wao ni ndugu wa mama yake. Wa 7 mjukuu wake anauza samaki Mikindani, nimemfahamu miaka mingi bila kujua. Kila jina litakupa mlango wa kwenda kwa familia nyingine, na kwenye familia ndiko kwenye picha.

Na usiwasahau wanawake. Wafuaji wa vitambaa, yaya waliokaa na watoto kwenye kivuli wakati mama zao wanacheza tenisi, wauza vitumbua nje ya lango. Wanaume watakuambia hawakuwepo. Waulize wake zao.

Mlango wa mbele

Klabu nyingi za wakati ule zilikuwa na kanuni ya nani aingie, na nani ilimaanisha rangi gani. Wazungu walikuwa na yao, Wahindi na Wagoa na zao, na Mwafrika alipita jikoni. Ukiipata katiba ya zamani ya klabu, nukuu kifungu chenyewe neno kwa neno na namba yake, kisha nyamaza. Usihubiri. Kifungu kinatosha.

Baadaye tafuta kikao kilichokiondoa. Kwa klabu nyingi kitakuwa kati ya 1961 na 1963, na mara nyingi hakionekani kwenye ajenda kwa jina lake; kimefichwa chini ya "mengineyo" au "marekebisho ya kanuni". Usiishie kwenye uamuzi. Soma kikao kinachofuata uone nani alijiuzulu, na kikao cha baada ya hapo uone nani Mwafrika wa kwanza kuomba, nani alimpendekeza, na ilichukua muda gani kujibiwa.

Kamati yetu hapa ilitaka kuruka kutoka 1960 hadi 1965. Nilitoa ule ukurasa wenye sahihi zao. Maongezi yalikuwa mafupi.

Baada ya hapo njia ya klabu inajulikana, nayo unaweza kuipita upesi kama karatasi zako zinakubali. Azimio la Arusha la Februari 5, 1967. Mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa mwaka huohuo na mabwana shamba wakaondoka na ada zao. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha ya thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na kila mwenye jengo la mawe akashika roho, kwa hiyo tazama kama klabu iliandikiana barua na serikali mwaka huo. Ardhi ikamegwa, huku nyumba za watumishi, kule shule. Ninavyoona mimi, gofu hufa kabla ya baa. Gofu linataka watu wa kufyeka na kuburuta magunia kila siku. Baa inataka friji na mtu mmoja mwaminifu. Ukitaka kujua gofu lilikufa lini usitafute tangazo, tafuta mwezi ambao manunuzi ya oili chafu yalikoma.

Nyaraka zenye unyevu

Chumvi ya bahari, mchwa na paa linalovuja ndio maadui wa historia ya pwani. Daftari lililolowa usilianike juani na usilipige pasi. Liweke kivulini penye upepo, fungua kurasa chache chache, pitishia karatasi safi isiyo na maandishi katikati. Zilizogandana usizivute. Usitumie gundi ya utepe kuunganisha ukurasa uliochanika, baada ya miaka michache utepe huo unageuka njano na kula wino. Na tafadhali, msinipelekee nyaraka za zamani kwenye laminesheni. Ukurasa ukishaiva kwenye plastiki haurudi.

Piga picha kila ukurasa kwa simu, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, na rula pembeni ionekane ukubwa. Jina la picha lianze na mwaka, kisha jina la daftari, kisha ukurasa, zijipange zenyewe. Nakala moja kwenye simu, moja kwenye kompyuta ya mtu mwingine anayekaa nyumba nyingine. Daftari lenyewe rudisha mahali ulipolitoa, kwenye mpangilio uleule. Sisi wa masijala tunamjua mtafiti mzuri kwa jinsi alivyoliacha faili.

Safari ya Dar, na barua za mbali

Nyaraka za serikali utazikuta Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Uliza utaratibu wa kibali kabla hujapanda basi la alfajiri. Watafiti hupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua ya utambulisho ni lazima. Mafaili ya serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa umma yakitimiza miaka 30, kwa hiyo ya ukoloni yako wazi. Omba vitabu vya wilaya vya Lindi, Mikindani, Masasi na Nachingwea. Maofisa wa kikoloni waliandika humo kila kitu, kuanzia koo na majumbe hadi hali ya barabara. Usitafute neno klabu peke yake. Tafuta ardhi, leseni za pombe, fidia, afya ya mji. Klabu hujificha kwenye faili la leseni za pombe kuliko mahali pengine popote.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki, humo kuna magazeti ya zamani, likiwemo Tanganyika Standard lililoanza 1930. Kurasa za michezo na za harusi ndizo zako. Kwa aliye na ndugu Uingereza, mawasiliano ya Wizara ya Makoloni kuhusu Tanganyika yako Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, mfululizo wa CO 691, na maktaba ya Bodleian kule Oxford ina karatasi binafsi za maofisa wengi. Watoto wa wafanyakazi wa karanga ni wazee sasa, na wengi bado wanatunza albamu za baba zao. Waandikie kwa adabu, taja unachotafuta hasa, uombe skani, usiombe picha halisi.

Kuandika

Utasumbuliwa na swali la mwaka wa kuanzishwa kwa sababu ya sherehe. Kuna siku ya kikao cha kwanza, siku ya kusajiliwa, siku ya kufunguliwa jengo, na siku mpira wa kwanza ulipopigwa. Zitaje zote na ushahidi wake, mwache mwenyekiti achague ya kuandika kwenye keki. Na ogopa neno "ya kwanza". Nairobi ilikuwa na klabu ya gofu tangu 1906. Usiseme yenu ni ya kwanza wala ya pili wala kongwe kuliko zote kusini mpaka umezichunguza zote kusini.

Majina ya walio hai yaombewe ruhusa, hasa kwenye madeni ya baa. Daftari la madeni ni tamu kusoma kuliko kitu chochote na ndilo litakalokupeleka mahakamani. Mimi nilitumia jumla na tabia, sikutumia majina, isipokuwa la Mzungu mmoja aliyefariki zamani ambaye familia yake yenyewe ilinitumia ruhusa ikicheka.

Andika sentensi fupi. Weka ramani mbili, moja ya zamani na moja ya sasa, kwa kipimo kimoja. Mwishoni weka faharasa ya majina, na majina ya makedi, wapishi na yaya yachanganywe na ya wenyeviti kwa alfabeti, bila kutenga ukurasa wa "watumishi". Hapo pia kamati itakohoa.

Kabla ya kuchapa, wasomee wazee wako sehemu zao kwa sauti, kwa kuwa wengine macho hayaoni na wengine hawakusoma. Watakukatiza. Waache wakukatize, kalamu mkononi.

Namba ya ISBN utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na nakala za kuweka huko ni za kisheria. Peleka nyingine maktaba ya mkoa, nyingine shule iliyojengwa kwenye ardhi iliyomegwa, kama ipo. Kila aliyekuazima picha mrudishie picha yake kwanza, kabla hujampa kitabu, na umsainishe kwamba ameipokea.